Barabara Iliyofungwa

Jumapili, tarehe 14, asubuhi

Kwako Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, goti limetulia, na shemeji ameshapatana na yule paka wa jirani anayelala juu ya viatu vyake. Sisi huku tu wazima. Watoto wanakula kama watu walioajiriwa kula. Mvua ilinyesha juzi, jana ikapumzika, na leo vilima vyote vinaonekana mpaka kile cha mwisho kabisa. Wifi yako anakusalimu sana. Amesimama nyuma ya kiti changu anasoma kila ninachoandika, na sasa hivi amenigusa bega akaniambia nisiposema kwamba karatasi hizi nzuri kanunua yeye, leo nitajipikia. Basi nimesema.

Ujumbe wako niliupata. Mpwa wangu alipopita hapa mwezi uliopita aliutoa wote, hakupunguza hata neno, tena kwa uso wako ule na mkono kiunoni. Alisema umesema kwamba kama nimekuchoka nikuambie kwa mdomo wangu, nisiache simu ikilia kama nyumba iliyohamwa. Alisema pia kwamba zile meseji zangu, nipo, salama, kazi nyingi, unazipata nzuri zaidi kutoka benki. Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, Dada. Umenipigia kila Jumapili jioni, mwaka mzima sasa, na sijapokea hata mara moja. Najua hilo linavyoonekana. Mtu uliyembeba mgongoni amekua, amepata mke na nyumba, halafu analiona jina lako kwenye simu na kukuacha ulie hadi unyamaze.

Nitakujibu, na ndiyo sababu ya kukaa mezani asubuhi yote hii. Lakini unanijua. Wewe ndiye uliyenipa jina la Bwana Tarehe, kwa sababu siwezi kusema chungu kimeungua kabla sijasema kilinunuliwa lini. Daftari langu la kila siku ninaliandika hadi leo, na bado huwa naanza na tarehe hata kama siku yenyewe haikuwa na kitu. Kwa hiyo nivumilie nianze mwanzo.

Uliposikia nimehamishwa kutoka kiwandani kwenda kwenye barabara za msitu, ulidhani nimefukuzwa na naona haya kusema. Sikufukuzwa, ingawa ilibaki kidogo. Unajua kwamba miaka mingi nilisimama kwenye msumeno mkubwa, ule unaopasua magogo. Baadaye wakanipeleka kwenye tanuri la kukaushia mbao. Ni chumba kikubwa kama darasa. Mbao mbichi hupangwa ndani yake, zikatenganishwa kwa vijiti, kisha mvuke na hewa ya moto vikapitishwa humo mpaka zikauke bila kupinda. Kazi yangu ilikuwa nje, kwenye valvu ya mvuke, gurudumu jekundu la chuma ambalo ukilizungusha huku mvuke unaingia, ukilizungusha kule unakatika. Ilikuwa kazi ya mtu wa utaratibu, na wewe unajua utaratibu ndicho kitu pekee nilichogawiwa kwa wingi.

Siku moja fundi bomba alikuwa ndani ya tanuri akibadilisha kiungio kilichokuwa kikivuja. Mimi nilikuwa nimekata mvuke, lakini valvu ilikuwa imechakaa na kuna kidogo uliokuwa ukipenya. Akauona unaanza kufuka karibu na uso wake, akapaza sauti nikaze. Hebu Dada, hapo ulipo, yatamke maneno haya mawili: funga, fungua. Yatamke upesi. Sasa yafikirie yakitoka ndani ya chumba cha bati, feni zinavuma, na upande wa pili wa ukuta msumeno unalia. Kinachoyatenganisha ni kijisauti kimoja tu, hata mdomo haukipi nafasi. Yeye alisema funga. Mimi nikafungua, tena kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilimsikia ana haraka na nilitaka kumtii haraka.

Alitoka mle ndani na kiatu kimoja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa malengelenge kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Alipopata pumzi aliniuliza nilikuwa nampikia nani, na kama chumvi nilikuwa nimeshatia. Watu walicheka, kwa sababu mtu anayetania ni mtu aliye hai. Mimi nilikaa juu ya rundo la mbao, nikawa naitazama mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine.

Meneja alinisogelea karibu sana, nikajua ananinusa. Hakupata harufu ya pombe. Akaniuliza kama nyumbani kuna ugomvi. Nikamwambia ni mawazo tu. Hilo ni jibu zuri, Dada, kila mtu hulipokea bila kuuliza mawazo gani, maana kila mtu ana yake. Lakini alitaka niende nyumbani nisirudi tena kazini. Aliyenizuilia ni huyo huyo fundi bomba. Aliingia ofisini na mkono uliofungwa bandeji, akamwambia meneja kwamba katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja nimempika mara moja tu, na kwamba wako wapishi wanaoharibu kila siku na hakuna anayewafukuza. Mkono umepona, umebaki na rangi mbili. Kila tukikutana huunyoosha na kuniuliza kama umeiva. Sijui nimshukuru vipi mtu wa namna hiyo. Huwa nacheka tu, na yeye anajua.

Ndivyo nilivyopelekwa kwa Bi Kokoto. Usishtuke, si jina alilopewa na wazazi wake. Ndiye msimamizi wa barabara za msitu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Wanamwita hivyo kwa sababu hupita njia nzima akilalamikia kokoto, kama mtu anayechambua mchele, ila yeye analalamika mawe ni machache. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akaniambia amesikia mimi ni hodari wa mvuke, na kwamba kwake hakuna mvuke, kuna matope, kwa hiyo nitakuwa salama na wenzangu pia.

Ngoja nikueleze barabara zenyewe, kwa sababu ndizo zilizoniponya moyo. Zamani malori ya magogo yalipita vilimani, kwenye njia za changarawe zinazozunguka ndani ya msitu. Sasa yamechongewa barabara mpya kule chini bondeni. Zile za juu zimefungwa ili zisiharibike, maana zitahitajika tena miti ikikomaa, na moto ukitokea ndizo za kupita. Bi Kokoto amelaza gogo kubwa kwenye kila lango, akaacha upenyo wa kupita mtu na baiskeli, akasimamisha kibao cha herufi nyekundu: BARABARA IMEFUNGWA KWA MAGARI. Wifi yako alipokisikia kibao hicho alisema kazi ya funga imenishinda kiwandani, sasa nimekwenda kulipwa na imefungwa.

Kazi yangu ni kupanda baiskeli na kuzipita hizo njia kipande kwa kipande. Nazibua mitaro, natoa majani kwenye makalvati ili maji yapite chini ya barabara yasipite juu yake, nakata matawi yaliyoanguka, na pale mvua ilipochimba naweka alama ili wenye toroli waje wajaze. Koleo fupi na panga nimevifunga kwenye keria. Baiskeli yenyewe ni ya ofisi, nzito, ina matairi mapana yenye meno na breki zinazoshika kama zimekasirika.

Mwanzoni niliogopa. Nilikuwa sijapanda baiskeli tangu siku ile lori liliponikwangua kwenye barabara kuu nikienda kazini. Hilo sikukuambia. Lilinipita karibu mno, kioo chake cha pembeni kikanigonga kiwiko, nikaishia mtaroni. Dereva alisimama mbele akashuka, si kwa kunisaidia bali kwa kunitukana. Aliapa kwamba amepiga honi tangu kwenye kona, na akauliza kama barabara nimeirithi. Nikamwomba radhi. Tangu hapo baiskeli yangu ilining'inia ukutani na mimi nikawa natembea kwa miguu, nikigeuka nyuma kila hatua chache kama mwizi wa kuku.

Lakini kule juu, Dada, hakuna cha kukujia nyuma. Sikulijua hilo kwa akili, nililijua kwa mabega. Nilipita upenyo pembeni ya gogo, nikaanza kupanda taratibu kwenye gia nyepesi, misonobari kushoto, msitu mkubwa kulia, na baada ya kona ya pili nikagundua kwamba mabega yangu yameshuka. Yalikuwa yamepanda karibu na masikio muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ndivyo nilivyoumbwa. Nikashuka, nikaegemeza baiskeli kwenye mti, nikakaa kando ya njia bila sababu yoyote. Bi Kokoto angeniona angenikata malipo ya siku.

Changarawe ina tabia zake. Ukiishika breki ghafla kwenye mteremko inakumwaga; mara moja ilinimwaga nikachunika goti, sasa tumelingana magoti mimi na wewe. Inabidi uache usukani ucheze kidogo mikononi, usiukabe, uketi nyuma kidogo, utazame mbali. Pale ilipo ngumu inatetemesha viganja kwa mtetemo mdogo mdogo, pale ilipo laini tairi linazama na mkono unakuwa mzito, na pale maji yanapopita chini unahisi ubaridi miguuni kabla hujaliona kalvati. Sasa naisoma kwa mikono. Asubuhi ukungu unakaa kwenye mabonde na wewe uko juu yake, na vilele vya miti vinatokeza kama watu waliojifunika shuka mpaka shingoni. Wanyama hawanikimbii. Kuna swala mdogo ambaye husimama katikati ya njia akanitazama kwa dharau mpaka nimkaribie, ndipo anajiondokea polepole kana kwamba amekumbuka shughuli nyingine. Nikipita kwenye mteremko mrefu wa mwisho, jua linakuja vipande vipande kati ya miti na upepo unanijaza shati. Huwa namshukuru Mungu kwa sauti kubwa kabisa. Hakuna wa kuniuliza nina nini.

Sasa nafika pale unaponingoja.

Siku moja Bi Kokoto alikuja kukagua na baiskeli yake mwenyewe. Alinikuta njiani, akanifuata nyuma, akaanza kuzungumza. Haya nayasimulia kama alivyonisimulia yeye baadaye. Alizungumza kuhusu mitaro, nikanyamaza. Akahamia kwa mama mkwe wake aliyekuja kwa wiki moja na sasa amepanda mboga, nikanyamaza. Akaona labda nimenuna, akaniuliza amenikosea nini. Kimya. Alisema hasira zilimpanda, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu kazini na bado anabembeleza mgongo wa mtu. Kisha wazo lingine likamjia. Akasogea mpaka tairi lake likakaribia la kwangu, akapaza ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, akasema mishahara imepandishwa kuanzia mwezi huu. Sikugeuka. Aliniambia hajawahi kuona mfanyakazi wa nchi yoyote ambaye haligeukii neno hilo, na hapo hapo hasira zilimwisha akashikwa na huruma.

Alinipita, akasimama mbele yangu akaweka baiskeli kwa upana. Nikafunga breki. Kwa mara ya kwanza nilimwona bila kicheko usoni. Akasema taratibu, akinitazama, kwamba mimi sisikii. Hakuuliza. Nilitaka kumwambia ni upepo, nikamwona anavyonitazama, nikashindwa. Niliitikia kwa kichwa tu.

Ndiyo, Dada. Sisikii. Si wewe tu nisiyekupokea, sipokei mtu yeyote. Zimebaki sauti nzito: ngurumo, lori likiwa karibu sana, ngoma, mtu mwenye besi akisimama mbele yangu. Nyembamba zote zimekwenda. Ndege sijui walininyamazia mwaka gani, na hilo daftari langu halina, kwa sababu hakuna anayeandika leo ndege hawakulia. Zilikwenda kidogo kidogo kule kwenye msumeno. Mimi nilidhani watu wameanza kunong'ona. Funga na fungua zikawa neno moja. Simu ilikuwa ya kwanza kunishinda. Mara ya mwisho nilipopokea yako, nilisikia mlio kama wa nyuki ndani ya kopo, nikaitikia ndiyo, ndiyo, ni kweli, na baadaye mpwa wangu akaniambia ulikuwa unanieleza kwamba umeanguka. Nilikujibu ndiyo, ni kweli. Tangu siku hiyo sikuthubutu tena.

Bi Kokoto alinipeleka hospitali mwenyewe. Waliniweka kwenye kachumba kadogo nikavaa vitu masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Nilibonyeza kwa kukisia, kama anayejibu mtihani ambao hakuusomea. Daktari alinieleza kwa kuniandikia kwamba mishipa ya ndani imeharibiwa na kelele na haitarudi. Amenipa kifaa cha sikio la kulia. Chumbani pakiwa kimya kinanisaidia, ila kwenye simu kinapiga filimbi. Bi Kokoto alimweleza meneja, nami nilingoja barua ya kuachishwa. Badala yake meneja aliniita, akaniomba nimpe mkono, akasema alipaswa kuuliza masikio kabla ya kunusa mdomo. Sasa wale wa msumeno wote wanapimwa na wamepewa vifuniko vya masikio. Na mimi nimeachiwa barabara zangu. Bi Kokoto aliwaambia kwamba mtu asiyesikia anafaa kuliko wote mahali ambapo hakuna gari, na kwamba angalau atampata mmoja asiyemjibu.

Utauliza kwa nini nilikuficha wewe, kuliko wote. Ni kwa sababu ya Baba. Unakumbuka masikio yalipomwishia, tulivyokaa naye mezani na maneno yakapita juu ya kichwa chake kama sahani ya mgeni mwingine. Tukicheka alicheka nasi, dakika moja baadaye, bila kujua tumecheka nini. Wewe peke yako ulikuwa ukimgeukia na kumrudia kila kitu, hata upuuzi. Niliogopa ningekuambia ungeacha kunisimulia mambo na kuanza kunirudia, kwa subira ile ile. Nilitaka nibaki mtu unayemgombeza. Ndivyo nilivyokufanya ujione umetupwa, mwaka mzima, kwa sababu sikutaka kuonewa huruma. Wifi yako, anayesoma hapa nyuma, amenifinya. Anasema yeye alijua kabla ya Bi Kokoto, alikuwa ananingoja niseme.

Asante Dada kwa kutochoka. Mtu mwingine angeacha baada ya Jumapili ya tatu. Na asante kwa kunituma yale maneno makali, kwa sababu mtu hagombezi aliyemkatia tamaa.

Barabara zikikauka njoo ukae nasi. Baiskeli ya pili ipo, na njia ya chini haina mlima mkali, goti litaimudu. Ukiongea nami, kaa upande wangu wa kulia, mahali penye mwanga. Usipige kelele, kelele inaukunja uso wako nikashindwa kuusoma. Na usizibe mdomo kwa mkono unapocheka, kwa sababu sasa kicheko chako chote kiko hapo.

Na Jumapili usiache kupiga. Nimeiweka simu itetemeke, na saa hiyo huwa iko kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Sitapokea. Iache tu iite mpaka ikome yenyewe, usikate mapema. Huwa nasimama pale nilipo mpaka imalizike.

Msalimie shemeji, mwambie paka ameshinda akubali tu. Watoto wanauliza shangazi atawaletea nini; nimewaambia atawaletea maneno, na wamesema hayo hayaliki. Wifi yako anaomba ujibu upesi, maana karatasi zimebaki nyingi. Nakuombea afya na usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na anayekungoja,

Bwana Tarehe